Chumvi Inayorudi

Kazi ya kuitoa sodiamu nje ya seli haina siku ya kumalizika. Sasa hivi ninapoandika mstari huu, katika seli za ngozi yangu, za ini langu, za ubongo unaotafuta neno linalofuata, sodiamu inasukumwa nje, nayo inarudi. Inasukumwa tena, inarudi tena. Kazi hiyo ilianza kabla sijazaliwa, na itakapokoma nami nitakuwa nimekoma. Nimeifundisha kwa sehemu kubwa ya umri wangu, nikiwa mwalimu wa baiolojia katika shule za sekondari mkoani Tanga. Nimeitungia mitihani, nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini kulifundisha jambo ni hatua moja, na kukaa nalo mpaka likaanza kukusemesha ni safari nyingine, na safari hiyo ya pili nimeianza karibu na kustaafu, polepole, kando ya kitanda cha mama yangu.

Niseme kwanza yale yanayojulikana. Kila seli imezungukwa na utando, nao ni mwembamba kiasi ambacho jicho haliwezi kukidhania: unene wake ni kama nanomita 7 au 8, hata ingebidi kupanga tando zaidi ya 10,000, moja juu ya nyingine, ili kuukaribia unene wa karatasi ya daftari. Umejengwa kwa tabaka mbili za molekuli za mafuta, vichwa vinavyopenda maji vikielekea nje na ndani, mikia inayoyakwepa maji ikijificha katikati. Ndani ya mafuta hayo protini zinaelea na kuhamahama, kama wanasayansi Singer na Nicolson walivyoeleza mwaka 1972, na vitabu vyetu vinawafuata hadi leo. Oksijeni hupita humo kwa urahisi. Maji hupita kidogo kidogo, au kwa wingi yakipata milango yake maalumu. Sukari ya glukosi inahitaji kupitishwa. Chumvi nayo, ikishayeyuka na kuwa ayoni, haipati njia ila kwa protini ya kuipitisha.

Protini mojawapo katika hizo ni pampu. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za miguu ya kaa, na akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Pampu hii huchukua ayoni 3 za sodiamu kutoka ndani ya seli ikazitupa nje, huku ikiingiza 2 za potasiamu, na kila mzunguko hugharimu molekuli moja ya ATP, ile nishati ambayo mitokondria hutengeneza kutokana na chakula na hewa. Kwa sababu ya kazi hiyo, sodiamu iliyo nje ya seli hubaki zaidi ya mara 10 ya ile iliyo ndani. Basi inasongamana huko nje, na kila inapopata mwanya inarudi.

Darasani nilikuwa na mfano mmoja ambao wanafunzi wangu, wengi wao watoto wa wavuvi, waliushika mara moja. Niliwaambia kwamba seli ni chombo cha mbao kilicho baharini. Hakuna chombo kisichovuja. Maji hupenya kwenye maungio ya mbao na kukusanyika chini kwenye ngama, na mtu mmoja lazima akae na kopo lake akumbe maji, akumbe tena, muda wote wa safari. Akiacha, chombo kinazama. Wanafunzi walitikisa vichwa na kuandika. Nami niliridhika, kwa kuwa mfano ulieleza kwa nini pampu haikomi na kwa nini seli iliyokosa nishati huvimba na kufa. Sikuona kwamba umeacha kitu.

Kisha mama alipatwa na kiharusi. Upande wa kuume ulipooza, na maneno yake, ambayo zamani yalikuwa yakimtoka kwa mfululizo kama ilivyo kwa wanawake wa pwani wa rika lake, yakaanza kuja moja moja, kila moja likisubiriwa. Tulimhamishia nyumbani kwangu. Nilifundishwa kumgeuza ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, kumketisha wima kabla ya kumlisha, kumtazama koo anapomeza. Nilijifunza kubadilisha shuka mtu akiwa bado amelala juu yake. Asubuhi nilimwogesha, na jioni alihitaji kuogeshwa. Shuka nilizoanika saa nne zilikuwa zimerudi kwenye beseni kabla ya adhuhuri.

Kazi nyingine nilizofanya maishani zilikuwa na ushahidi wa kuonyesha. Wanafunzi walifaulu, wakaenda kidato cha tano. Ukuta wa nyumba ulipanda, ukafika usawa wa madirisha. Hii ya kumuuguza mama ilianza upya kila alfajiri kana kwamba jana haikuwapo. Nampenda mama yangu, na bado zilikuwapo alfajiri nilizosimama mlangoni pa chumba chake nikatamani mtu mwingine aingie badala yangu. Nilipokuwa nikifua, mfano wangu wa darasani ulinijia mara kwa mara, lakini sasa mimi ndiye niliyekuwa na kopo, na niliuona jinsi mtu anayekumba maji anavyouona: kazi ya kuzuia kuzama tu, isiyomsogeza mtu hata pima moja mbele.

Masika moja mama akaanza kuharisha na kutapika. Nilimpeleka zahanati nikiwa nimeshaamua moyoni kwamba anahitaji dripu. Muuguzi, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alimbana ngozi ya tumbo akatazama inavyorudi, akamwangalia macho na ulimi, akaniuliza kama anameza vizuri tangu apatwe na kiharusi, akampa maji kidogo na kumtazama akimeza. Kisha akanipa pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kukorogwa kwenye maji ya kunywa. “Mwalimu,” akaniambia, “bibi bado ana nguvu ya kunywa. Mketishe wima, umpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika usikate tamaa, subiri dakika kumi, uanze tena taratibu zaidi. Ukiona analegea au hamezi, mrudishe hapa, hata kama ni usiku.”

Hakuniambia chochote nisichokijua. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilikijua tu. Usiku ule nilichemsha maji, nikayapoza, nikapima lita moja, nikakoroga. Nilimpa mama kijiko, nikasubiri, nikampa kingine. Kuharisha hakukukoma, maana dawa hiyo haikuundwa kukatisha kuharisha. Inarudisha maji na chumvi vinavyopotea, na tumbo huendelea na mambo yake mpaka ugonjwa uishe. Hivyo nilikuwa nikiingiza kwa kijiko kile nilichokiona kikitoka kwa mkondo. Nilisoma maandishi ya kwenye pakiti kwa taa ya simu, nikitafuta kitu cha kunituliza: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloraidi ya potasiamu gramu 1.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Vitu vya kawaida mno, nikawaza, kwa mzigo mkubwa kama huu.

Karibu na alfajiri mama aliutazama mkono wangu wenye kijiko, akaanza kusema. Maneno yalikuja kwa kusubiriana. Alinisimulia habari za kaka yangu wa kwanza, ambaye nilijua kwamba aliwahi kuwapo na kwamba hatajwi. Alikufa kwa kuharisha mwaka uliofuata Uhuru, akiwa hajatimiza miaka miwili. “Tuliambiwa tusimpe maji,” mama alisema. “Wakubwa walisema maji yanamzidishia. Akawa anakililia kikombe. Mimi nikakificha, mwanangu. Nikakificha kikombe.”

Sikupata la kumjibu. Nilimpa kijiko kingine, akakinywa.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi kwenye mwaka ule wa 1962, na kwenye mambo yaliyokuwa yakijulikana na yasiyojulikana wakati huo. Miaka miwili nyuma, Agosti 1960, huko Prague, mwanakemia wa viumbe Robert Crane alikuwa ameeleza namna sukari inavyoingia katika seli za utumbo. Alisema glukosi haiingii peke yake. Huingia ikiandamana na sodiamu, kupitia protini inayozipokea zote mbili kwa pamoja. Leo tunajua kwamba katika mlango huo wa utumbo, ayoni 2 za sodiamu huingia na molekuli 1 ya glukosi, na zinapovuka, maji hufuata. Maelezo hayo yalikuwa mkononi mwa wataalamu wachache, na kikombe kilikuwa nyumbani kwetu, na hapakuwa na mtu yeyote katikati wa kuviunganisha. Wakubwa waliomshauri mama hawakuwa na ubaya. Waliona mtoto akinywa na kuharisha, wakaunganisha kile walichokiona.

Muunganiko ulikuja baadaye kidogo. Mwaka 1968, katika maabara ya utafiti wa kipindupindu huko Dhaka, iliyokuwa wakati huo Pakistani ya Mashariki, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinyweshwa maji yenye glukosi na chumvi kwa vipimo sahihi hawahitaji tena dripu nyingi. Sumu ya kipindupindu huilazimisha seli ya utumbo kumwaga kloraidi, na maji yakaifuata kwa wingi wa kutisha, lakini haiugusi ule mlango ambao sodiamu na glukosi huingilia pamoja. Katikati ya maafa, mlango huo unabaki mzima. Mwaka 1971, vita vilipowasukuma watu wa Pakistani ya Mashariki kuvuka mpaka na kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon kwenye wimbi la wakimbizi wenye kipindupindu, na dripu zikamwishia. Aliagiza chumvi, glukosi na magadi vichanganywe na maji, akawakabidhi jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4.

Hapo huwa nasimama: jamaa za wagonjwa. Watu wenye vikombe mikononi, wakikaa kando ya mikeka. Nakumbuka pia kwamba Unguja ilipigwa na kipindupindu kikali mwaka 1869 na 1870, kama alivyokiandika daktari James Christie katika kitabu chake cha mwaka 1876. Waliofiwa wakati ule walikuwa na chumvi, walijua sukari, walikuwa na subira ya kukesha. Hakuna kilichopungua katika mapenzi yao.

Nilipokuwa nikiyazungusha haya kichwani ndipo mfano wangu wa chombo ulipoanza kunisumbua. Nilijiuliza: je, nini kinaivuta sodiamu iingie kwenye ule mlango wa utumbo, mpaka iweze kuiburuta sukari? Jibu nilikuwa nalo kwenye daftari langu la kufundishia, ila katika ukurasa mwingine, mada nyingine, wiki nyingine. Inavutwa kwa sababu ndani ya seli sodiamu ni haba. Na ni haba kwa sababu upande wa nyuma wa seli hiyohiyo, unaoelekea kwenye damu, pampu ya Skou inaitupa nje bila kupumzika. Ile kazi ambayo nilikuwa nikiiita ya kuzuia kuzama ndiyo iliyotengeneza mvuto. Mtu akikumba maji chomboni, maji yanayorudi hayamletei chochote. Ni hasara tupu. Sodiamu inaporudi kwenye seli ya utumbo, inarudi na sukari. Kurudi kwake, ambako mimi nilikuona kama uvujaji, ndiko kunakolisha mwili. Kama siku moja pampu ingefaulu kuimaliza kazi yake, sodiamu yote ikakaa nje isirudi tena, mgonjwa angekunywa ORS na glukosi ikabaki utumboni haina wa kuandamana naye.

Sitaki kulikimbilia hili haraka. Ninajua hatari ya mwalimu kuona fundisho kila anapotazama. Seli haivumilii wala haitumaini; inafuata kemia yake, na mimi ndiye ninayeongeza maana. Lakini nikitazama nyuma, siwezi kuficha kwamba habari za kaka yangu zilikuja kupitia kazi hiyohiyo niliyokuwa nikiiona haina faida. Mama hakunisimulia siku nilipomaliza chuo, wala siku nilipomjengea choo cha ndani. Alinisimulia wakati wa kijiko, katika usiku uliofanana na siku nyingi za kugeuza, kuogesha na kufua, ambazo bila mimi kujua zilikuwa zimetengeneza kitu kati yetu, uhaba fulani wa haya labda, mpaka neno lililokaa nje miaka sitini likapata njia ya kuingia. Na baada ya hilo yalikuja mengine: jina la mtoto, Salim, jinsi alivyopenda kushika hereni, mahali alipozikwa. Kila nililofanya lilirudi mwanzo, nami nilikuwa nikikuhesabu huko kurudi tu, nisitazame kilichorudi nako.

Ningeweza kuishia hapa, na ningekuwa nimesema jambo zuri lisilo kamili. Kwa sababu pampu ina gharama. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, na sehemu kubwa ya nishati hiyo huenda kwenye kusukuma sodiamu na potasiamu. Mshipa wa damu ukiziba, oksijeni inakatika, ATP inakwisha ndani ya dakika chache, pampu zinasimama. Sodiamu inajaa ndani, maji yanaifuata, seli zinavimba na kuanza kufa. Hicho ndicho kilichompata mama yangu. Mkono wake wa kuume ulichukuliwa na pampu zilizokosa chakula, si na pampu zilizokosa bidii. Hakuna seli inayoweza kufanya kazi yake kwa moyo mwema tu. Lazima kitu kiifikie kutoka nje.

Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa nililelewa kuamini kwamba binti humuuguza mama yake mwenyewe, na kwamba kuomba msaada ni kutangaza kuchoka, na kuchoka ni nusu ya kutopenda. Wifi yangu alikuwa amejitolea tangu mwezi wa kwanza kuchukua baadhi ya siku. Nilimshukuru kila mara, na kila mara nikamwambia bado naweza. Sikujua kwamba “bado naweza” ile ilikuwa inanikausha, na kwamba mama aliiona kabla yangu. Siku moja alimwambia wifi, neno kwa neno, aje Ijumaa. Sasa anakuja Ijumaa na Jumamosi. Siku hizo nalala usiku mzima, na Jumapili asubuhi ninaingia chumbani kwa mama bila kusimama mlangoni.

Darasani nimebadilisha mpangilio. Pampu na mlango wa sukari navifundisha katika kipindi kimoja, ubaoni upande kwa upande, na kwenye mchoro ule ule nachora utumbo upande huu na damu upande ule. Chombo cha mvuvi bado nakitumia kuanzia, kisha nawauliza wanafunzi ni wapi mfano unatudanganya. Wengine huona upesi kuliko nilivyoona mimi.

Hata hivyo sijui kama fundisho nililolipata ni sawa, au nimelifikia kwa bahati. Mwaka 1925, huko Uholanzi, wanasayansi Gorter na Grendel walipima mafuta ya seli nyekundu za damu, wakahitimisha kwamba utando una tabaka mbili. Walikuwa sahihi. Baadaye ikabainika kwamba hawakuyatoa mafuta yote, na pia walikuwa wamelikadiria eneo la seli kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa mawili yakafidiana, wakafika kwenye ukweli kwa miguu miwili iliyochechemea. Huenda nami nimefika mahali pazuri kwa hesabu mbovu. Huenda mama angenisimulia tu, kazi au bila kazi, kwa sababu umri ulimfikisha hapo.

Na lipo swali ambalo seli hainisaidii kulijibu. Kuna watu wanaouguza wapendwa wao wasioweza tena kusema hata neno moja, wasiowatambua, ambao hakuna siri watakayoifungua alfajiri. Kwao nimejaribu kusema kwamba kuna kinachorudi, nikajisikia nikisema kitu ambacho sina haki ya kukisema. Jirani yangu mmoja yuko katika hali hiyo na mumewe, mwaka baada ya mwaka. Nilipoacha kumtafutia maneno, nilimuuliza usiku upi kwake ni mgumu zaidi. Alisema Jumanne. Basi Jumanne naenda, nampokea zamu, naye analala.